Bustani ya masika na sahani ya mtoto

Mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, mambo mengi hubadilika katika nyumba yenye mtoto mdogo. Nepi hazikauki kwenye kamba. Watoto wakubwa hufungiwa ndani na kusumbua. Nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa vumbi tupu tangu Januari, majani huota bila kupandwa na mtu. Huu ndio wakati ambapo kliniki zetu hujaa watoto wenye kikohozi, kuhara na homa. Lakini pia ndio wakati ambapo familia ya mjini, hata ile yenye nafasi isiyozidi upana wa mlango, inaweza kujikuzia mboga bila kununua maji ya kunyunyizia.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wazazi vijana ni hili: je, kweli miche michache ya sukuma wiki nyuma ya nyumba inaweza kubadilisha afya ya mtoto? Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Mzazi anapaswa kujua mboga humpa mtoto nini na haimpi nini. Kadhalika, anapaswa kujua kwamba udongo ule ule unaootesha mboga unaweza kumletea mtoto maradhi. Leo tutazame mambo hayo mawili.

Miezi ya hatari

Katika miezi 6 ya kwanza mtoto hahitaji chochote ila maziwa ya mama. Hata maji hayahitaji. Baada ya hapo maziwa pekee hayamtoshi, ingawa anapaswa kuendelea kunyonya hadi atimize miaka 2 au zaidi. Sababu kubwa ni madini ya chuma, ambayo mwili hutumia kutengeneza damu. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huja duniani na akiba ya chuma aliyoipata tumboni mwa mamake, na akiba hiyo humtosha kwa takriban miezi 6. Maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo.

Akiba hiyo ikiisha na chakula kisizibe pengo, damu ya mtoto hupungua. Hupauka, huchoka upesi na kukosa hamu ya kula. Baya zaidi ni kwamba wakati huo ubongo wake unakua kwa kasi sana, na huo pia unahitaji chuma. Upungufu ukikaa muda mrefu, madhara mengine kwa akili ya mtoto huenda yasirekebike hata damu ikirudi kuwa ya kawaida. Ndiyo maana sisi madaktari huogopa sana kipindi cha kati ya miezi 6 na miaka 2.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya ya jamii uliofanywa nchini mwaka 2022 uligundua kwamba watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Mwaka 2014 idadi hiyo ilikuwa 26 kati ya 100. Tumepiga hatua, lakini safari ingali ndefu.

Msomaji atauliza: mbona hali hii hutokea hata mjini ambako chakula kinauzwa kila kona? Tazama sahani ya mtoto. Asubuhi hupewa uji mwepesi. Mchana hupewa viazi au wali. Jioni hupewa ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa sukuma wiki, huku majani yenyewe yakiliwa na watu wazima. Katikati huongezwa chai ya maziwa. Tumbo hujaa na mtoto hulala, na mzazi huridhika. Lakini katika chakula hicho chote hakuna chuma cha kutosha, na chai huzuia hata kile kidogo kilichomo kisiingie mwilini.

Mboga hutoa nini

Mboga za majani ya kijani kibichi kilichokolea, kama vile sukuma wiki, terere, managu, saga, kunde na majani ya malenge, zina viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Vitamini hii hulinda macho na husaidia mwili kupigana na maradhi, hasa surua na kuhara. Mboga hizi pia zina vitamini C, na zina folati ambayo huhitajika katika kutengeneza damu na ambayo ni muhimu sana kwa mama mjamzito.

Wengi hudhani kwamba mboga za kienyeji ni chakula cha wazee wa mashambani. Dhana hiyo imepingwa kwa utafiti hapa hapa nchini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kule Juja, ametumia miaka mingi akichunguza mboga za Kiafrika na kueleza thamani yake, na leo mboga hizo zinauzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi.

Hata hivyo, sitaki msomaji apotoke. Mboga zina chuma, lakini chuma cha majani huingia mwilini kwa kiasi kidogo tu. Chuma cha nyama, maini na samaki huingia kwa urahisi zaidi. Kwa hivyo bustani haiwezi kushika nafasi ya omena, maini, mayai, maharagwe au ndengu. Mzazi anayempa mtoto sukuma wiki kila siku akiamini kwamba "inaongeza damu" na kuacha hayo mengine, bado hajaziba pengo.

Ni hapa ambapo bustani husaidia kwa njia ya pili, ambayo watu huisahau. Hesabu pesa unazompa mama mboga kwa wiki moja. Ukichuma mboga nyuma ya nyumba, pesa hizo zinaweza kununua mayai au kikombe cha omena kwa ajili ya mtoto. Bustani ikilisha nyumba mboga na akiba yake ikinunua kitoweo, sahani ya mtoto itakuwa imekamilika. Lakini pesa hizo zikiishia kwenye soda na mandazi, mtoto hatakuwa amefaidika sana.

Hesabu miezi, kisha upande

Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na zile fupi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Tuseme mtoto wako ana umri wa miezi 4 mvua zinapoanza. Terere ukiipanda wakati huo huweza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4. Majani ya kunde nayo hayakawii. Miche ya sukuma wiki ukiihamisha kutoka kitaluni, utaanza kuchuma majani ya chini baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Kwa hivyo mtoto atakapotimiza miezi 6 na kuanza kula, mboga yake itakuwa tayari.

Iwapo una nafasi kubwa kidogo, panda viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Hivi huwa na viini vya vitamini A kwa wingi, tofauti na vile vyeupe. Mwaka 2016 wanasayansi watatu wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi yao ya kukuza na kueneza viazi hivi barani Afrika. Huchukua takriban miezi 4 au 5 kukomaa. Ukivichemsha na kuviponda, watoto wengi huvipenda kwa sababu ya utamu wake.

Asiye na shamba asikate tamaa. Katika mitaa kama Kibera na Mathare, watu wamekuwa wakipanda mboga katika magunia kwa miaka mingi. Gunia husimamishwa wima, katikati hujengwa nguzo ya mawe madogo ili maji yapenye hadi chini, na pembeni hujazwa udongo uliochanganywa na mbolea. Kisha hutobolewa matundu ubavuni na miche hupandwa humo na juu pia. Gunia moja huchukua miche mingi na halihitaji nafasi kubwa. Wapangaji katika ploti wazungumze kwanza na mwenye nyumba au mlinzi ili wasije wakang'olewa mboga zao.

Udongo na maji

Sasa tuje kwenye hatari. Ya kwanza ni minyoo. Mayai ya minyoo mikubwa ya mviringo hutoka katika kinyesi cha binadamu na huweza kukaa udongoni kwa miaka kadhaa. Mtoto huyala kupitia mikono michafu au mboga ambazo hazikuoshwa. Minyoo ya safura nayo hufanya kinyume: viluwiluwi wake hupenya ngozi ya miguu iliyo wazi na kuingia mwilini, kisha minyoo hiyo hunyonya damu matumboni. Yaani mtoto unayejitahidi kumwongezea damu kwa mboga huweza kupoteza damu hiyo hiyo kwa kutembea bila viatu bustanini. Masika, udongo ukiwa na unyevunyevu, ndio wakati unaowafaa sana minyoo hawa.

Usipande karibu na choo cha shimo au mtaro wa majitaka. Usinyunyizie mboga maji ya mtaro wala ya mto unaopitia mitaani, kwa maana mito mingi ya Nairobi hubeba majitaka. Maji ya mvua yaliyotegwa kutoka kwenye paa yanafaa kwa bustani. Mvua kubwa ikileta mafuriko, kama yale ya Aprili na Mei 2024, na majitaka yakafunika bustani yako, usile mboga zilizokuwamo. Zing'oe, uache udongo ukauke kwa jua, kisha upande upya. Najua hasara hiyo inauma, lakini matibabu ya kipindupindu ni ghali zaidi.

Mbolea ya ng'ombe, mbuzi au kuku itumiwe ikiwa imeoza kabisa, baada ya kurundikwa kwa miezi mitatu au zaidi. Mbolea mbichi ya kuku hubeba viini vya maradhi ya kuhara, na mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kukitia kinywani. Kuku wafungiwe mbali na mahali anapochezea.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Ni madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Mkasa wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilichafua udongo na watoto wakapatikana na risasi katika damu, ulitufunza kwamba madini haya hayaozi. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa nchini kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini udongo wa kando ya barabara za zamani huenda bado umeyahifadhi. Kwa hivyo usipande mboga karibu na gereji, mahali palipotengenezewa betri, jalala lililochomwa, au ukuta ambao rangi yake ya zamani inabambuka. Mikebe iliyokuwa na rangi, oili au kemikali isitumiwe kupandia. Kama una shaka na udongo wako, tumia gunia na ulete udongo kutoka mahali pasipo na historia hiyo.

Nina neno pia kuhusu kula udongo. Mtoto anayependa kula udongo, au mama mjamzito anayetafuna odowa kila siku, mara nyingi ana upungufu wa chuma. Udongo huo hauongezi damu. Huzuia chuma cha chakula kisiingie mwilini na huweza kuleta minyoo au risasi. Usimchape mtoto kwa tabia hiyo. Mpeleke apimwe damu.

Dawa za wadudu

Wadudu wakishambulia sukuma wiki, wengi hukimbilia dukani kununua dawa, au huomba kidogo kutoka kwa jirani na kuitia katika chupa ya soda. Chupa hiyo huwekwa chini ya kitanda au jikoni. Mtoto wa miaka 2 anajua chupa ya soda ni ya nini. Tumepokea watoto wa namna hii hospitalini, na si wote wanaopona.

Kwa bustani ndogo ya nyumbani dawa hizo hazihitajiki. Nyunyiza jivu juu ya majani, au maji yenye sabuni kidogo, au waokote wadudu kwa mkono kila asubuhi. Osha mboga vyema kabla ya kupika. Iwapo mtoto amekunywa dawa ya wadudu, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha umkimbize hospitalini pamoja na chupa au paketi ya dawa hiyo. Dalili zake ni kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo sana, na kupumua kwa shida.

Kuchuma, kupika na kulisha

Mboga nzuri huweza kuharibiwa jikoni. Chuma karibu na wakati wa kupika. Osha majani yakiwa mazima kwa maji safi, kisha ukate. Ukikata kwanza ndipo uoshe, vitamini nyingi huenda na maji. Usichemshe kwa muda mrefu na kumwaga maji. Magadi hulainisha mboga za kienyeji, lakini huharibu vitamini C, kwa hivyo sehemu ya mtoto ipikwe bila magadi. Tia mafuta kidogo, au ponda avokado, kwa sababu vitamini A huingia mwilini ikiwa pamoja na mafuta. Ongeza nyanya, au umpe kipande cha chungwa baada ya chakula, kwani vitamini C husaidia chuma cha mboga na maharagwe kuingia mwilini.

Mpe mtoto majani yenyewe na si mchuzi peke yake. Yakatekate sana, uyaponde pamoja na viazi, maharagwe au yai lililoiva. Omena wasagwe na kuwa unga laini, na kijiko kimoja kitiwe katika chakula. Chakula kiwe kizito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kumwagika. Anza na vijiko 2 au 3 mtoto akiwa na miezi 6, mara 2 au 3 kwa siku, kisha uongeze hadi nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 au 4 kwa siku. Akitimiza mwaka mmoja, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima kwa kila mlo kinamtosha, pamoja na kitu kidogo cha kula katikati. Asipewe chai. Njugu nzima na mahindi mazima pia asipewe, kwa maana huweza kumkaba koo.

Mama anayenyonyesha naye asisahaulike. Katika nyumba nyingi huchota chakula chake mwisho, baada ya baba na watoto, naye ndiye mwenye haja kubwa zaidi.

Nyumba wakati wa mvua

Mkebe, gurudumu kuukuu au sahani ya chini ya maua ikijaa maji ya mvua huwa nyumba ya mbu. Mbu wanaoeneza homa ya dengi, ambayo imewahi kuwasumbua sana watu wa Mombasa, huzaliana katika vyombo vya namna hiyo. Vimwage kila wiki. Ndoo na mapipa ya kutegea maji yafunikwe, kwani mtoto anayejifunza kusimama huweza kuzama hata katika ndoo isiyojaa.

Kila anayetoka bustanini aoshe mikono kwa sabuni, avue viatu mlangoni, ndipo ambebe mtoto. Watoto wakubwa wafundishwe kupanda na kuchuma pia, wakiwa wamevaa ndara au viatu. Mtoto aliyepanda terere kwa mkono wake huila kwa urahisi zaidi.

Wakati wa kwenda kliniki

Bustani haichukui mahali pa kliniki. Kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, mtoto anapaswa kupewa vitamini A kila baada ya miezi 6, na kuanzia mwaka mmoja apewe dawa ya minyoo vivyo hivyo. Huduma hizi hutolewa katika vituo vya afya vya serikali. Beba kijitabu cha kliniki na uhakikishe mtoto amepimwa uzani na urefu.

Tazama viganja vya mtoto ukivilinganisha na vyako. Vikiwa vyeupe kupita kiasi, au mtoto akiwa mchovu, hataki kula, uzani wake umesimama kwa miezi miwili, au miguu yake imevimba, usingoje mboga zikomae. Mpeleke apimwe damu siku hiyo. Akihara, endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe ORS, na umpeleke kituo cha afya akapewe zinki. Akishindwa kunywa, macho yakizama, akilegea, au kinyesi kikiwa na damu, mpeleke hospitalini mara moja, iwe mchana au usiku.

Kwa mzazi anayeanza leo, ushauri wangu ni mfupi: tafuta gunia moja safi, udongo usio na uchafu, na mbegu za terere na kunde. Pesa utakazookoa baada ya mwezi mmoja zitenge kwa ajili ya mayai na omena ya mtoto.